Risasi ya Wawili

Bastola ya Koplo Gadi Sanga ililetwa kwa Ludia Kikoti saa moja na robo asubuhi, imeviringishwa katika kitambaa cha kijivu, na aliyeileta hakukaa hata kunywa chai. Aliiweka juu ya meza ya ghala la silaha, akapiga saluti ya haraka haraka, akatoka na kuacha mlango wazi. Baridi ya Lilanga ikaingia bila hodi.

Ludia hakushangaa. Mwaka wa tatu huu hakuna askari aliyekaa naye. Alikuwa stafu sajini mzima, mwanamke wa miaka hamsini na moja, mtunza silaha wa Kikosi cha Kipanga, na jina walilompa ni Padri. Walilisema kwa utani, naye mara ya kwanza alilicheka, na ya pili pia. Baadaye akagundua kwamba akiingia bwaloni na sahani yake, watu wa meza aliyoiendea hushiba ghafla. Huwezi kuwalaumu. Nani anataka kula na mtu anayejua moyo wako ulipiga mara ngapi siku ile ulipochomoa bastola mbele ya mlevi sokoni?

Maana bastola za Kipanga zilikuwa na habari za kusema. Chini ya mtutu kulikuwa na jicho, dogo kiasi cha punje ya mtama, na mpini ulivikwa ngozi inayohisi kiganja: joto, jasho, mapigo, mtetemo. Jina lake la kwenye makaratasi lilikuwa refu na la kuchosha, kwa hiyo askari waliiita Mwenza. Ukimchomoa Mwenza, anatazama mbele pamoja nawe. Asipoona hatari, triga inagoma, uivute hata kwa vidole viwili. Akiona hatari, triga inalegea na mpini unakutekenya kiganjani mara moja, yaani amekubali, kazi iliyobaki ni yako. Sheria nayo ikajengwa juu ya hilo. Risasi iliyotakwa na wawili ni halali. Askari haulizwi zaidi, na aliyepigwa anaandikwa mhalifu mwenye silaha.

Mhalifu mwenye silaha hazikwi na ndugu zake. Ilikuwa sheria ya miaka ile magenge yalipogeuza mazishi kuwa maandamano ya bunduki, na magenge yalipokwisha hakuna aliyekumbuka kuifuta. Serikali inauchukua mwili, inauzika inakojua yenyewe, na mke anabaki na nguo za mumewe kwenye kamba.

Ludia akafunga mlango, akavaa miwani, akailaza bastola kwenye kitako cha kusomea, na kioo cha picha kikawaka. Alikuwa na hadi saa nane mchana. Taarifa ya mtunza silaha ilikwenda moja kwa moja kwa Tume inayosimamia bastola hizo, na mkuu wa kikosi hakuruhusiwa kuigusa. Neno moja tu ndilo lililotakiwa mwishoni: halali, au si halali. Katika miaka mitatu Ludia alikuwa ameandika halali mara kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa alilala usingizi mzuri.

Mwenza akaanza na mapigo. Sabini na nane, Gadi akishuka garini jana alasiri. Tisini na sita, akipita kati ya marundo ya mbao za misonobari, maana walikuwa wameambiwa kuna bunduki zimefichwa katika ghala la mbao kule bondeni. Mia na kumi na nne, mlango wa ghala ulipofunguka na mwanamume wa sweta la buluu kutokeza.

"Simama hapo hapo! Nipe ufunguo wa ndani! Nipe ufunguo haraka!"

Ilikuwa sauti ya Gadi. Mwanamume yule, mlinzi wa ghala aitwaye Yustino Mlowe, akaingiza mkono wa kulia mfukoni. Gadi akavuta triga pale pale, na Mwenza akagoma. Ludia alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu anayemwona mwanafunzi wake akipata hesabu. Bastola ilikuwa imemwongezea Yustino Mlowe sekunde nne za kuishi.

Mkono ukatoka na kitu cha chuma. Yustino akaunyoosha mbele. Mkono wa kushoto nao ukaja, ukaushika ule wa kulia karibu na kifundo. Magoti yakakunjika kidogo, kichwa kikainama. Triga ikalegea, mpini ukatekenya. Kisha ikapita sekunde moja na robo ambayo hapakutokea kitu chochote. Kisha Gadi akavuta.

Ludia aliirudisha picha nyuma. Akaitazama mara ya pili, na ya tatu. Mikono miwili mbele, chuma mkononi, magoti yamekunjwa, mabega yameshuka. Ukifuta uso na ghala na sweta, ndivyo anavyosimama mtu anayelenga bastola, na ndivyo alivyowafundisha askari mwenyewe kusimama. Lakini uso ulikuwapo, umeinamishwa, na Ludia alimjua mtu yule bila kumjua. Alikuwa anatoa kwa adabu. Mama yake Ludia asingekubali umpe mtu kikombe cha maji bila kuushika mkono wako unaotoa. Nyanda za juu zote watu hupeana hivyo, tangu ufunguo hadi mahari, na anayetoa kwa mkono mmoja anaulizwa kwao ni wapi.

Akavua miwani, akaziba mdomo kwa kiganja. Alijua tayari kosa lilitoka wapi, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

*

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa nyuma ya ghala, na asubuhi hiyo ulikuwa mtupu. Ludia aliingia akisukuma toroli lenye bastola ishirini na tatu zisizo na risasi, na ya ishirini na nne ikiwa ile ya Gadi.

Hapa ndipo zilipofundishwa. Zilikuja na macho yaliyosoma miili ya watu wa mbali, na wataalamu waliozileta wakasema lazima zisomeshwe miili ya hapa, namna mtu wa hapa anavyobeba jembe, anavyofunga mtoto mgongoni, anavyochomoa simu kifuani. Ludia akaandika orodha ya vitendo mia mbili na kumi na viwili. Kwa wiki sita makuruta arobaini walipita mbele ya macho yale na majembe, miavuli, chupa, watoto wa matambara na bastola za mbao. Wataalamu walimsifu kwa orodha ile. Mmoja alisema hajaona orodha kamili kama hiyo popote, na Ludia alitembea na sifa hizo mwezi mzima.

Kulikuwa na kitendo cha "kutoa kitu". Alikikumbuka vizuri. Makuruta waliotoka vijijini, akina Mgaya na wenzake, kila walipoambiwa toa kitu, mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kushika wa kulia, na magoti yakalegea.

"Uko kikosini, hauko ukweni!" Ludia aliwafokea, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Askari anatoa kiaskari. Mkono mmoja, mgongo wima. Rudia!"

Wakarudia, mkono mmoja, mgongo wima. Zile picha za mwanzo alizifuta zote kwa sababu zilikuwa zimeharibika. Yeye alikuwa amekaa miaka mingi ndani ya sare hadi akasahau kwamba nje ya geti watu bado wanaheshimiana kwa mikono. Katika picha zilizobaki, waliokunja magoti na kunyoosha mikono yote miwili walikuwa makuruta wa kundi moja tu, wale walioigiza maadui.

Ludia akaiweka bastola ya kwanza kwenye stendi. Akarudi nyuma hatua sita, akatoa ufunguo wa ghala mfukoni, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akainama.

Tk. Triga ikalegea.

Akaweka ya pili. Tk. Ya tatu. Tk. Alipofika ya tisa alijua hakuna haja ya kuendelea, lakini aliendelea, kwa sababu alitamani walau moja ikatae. Alitamani hivyo kwa moyo wote, kwa namna ambayo hakuwa ametamani kitu tangu mumewe alipolazwa hospitalini. Akatoa ufunguo kwa adabu mara ishirini na nne, na mara ishirini na nne bastola alizozilea zikakubali auawe. Aliona aibu, aibu ya kimwili, mtu akivuliwa nguo hadharani ndivyo anavyoona, ingawa ukumbini hapakuwa na mtu.

Akaketi juu ya toroli. Kosa lenyewe kulirekebisha ilikuwa kazi ya alasiri moja. Angeita makuruta kumi, wapeane funguo na vikombe kwa adabu hadi jioni, na macho yote nchini yangejifunza usiku huo huo bila mtu kuuliza kwa nini. Lakini akiandika kwamba si halali, Tume ingezinyamazisha bastola zote siku hiyo hiyo. Na bastola hizi zilikuwa zimegoma mara sitini na tatu. Hilo watu wa nje hawakulijua, Padri ndiye aliyelijua. Sitini na tatu ni watu waliokuwa wanatembea leo kwa sababu triga iligoma mbele yao. Kuna mtoto mmoja alitoka chooni na pampu ya baiskeli. Kuna bibi harusi aliyechomoa feni ya mkono kifuani.

*

Alitoka kwenda kuchota maji ya chai, na bomba liko karibu na geti. Pale nje, juu ya jiwe lililopakwa chokaa, alikuwa ameketi mwanamke wa miaka kama ishirini na nane, amejitanda kitenge mabegani kwa baridi. Magotini alilaza koti la suti la mwanamume ndani ya mfuko wa nailoni wa dobi.

"Shikamoo, mama," mwanamke akasema, akainuka upesi.

"Marahaba. Wewe ni wa marehemu?"

"Mke wake. Naitwa Imelda. Wamesema nisubiri saa nane ndiyo nitaambiwa kama napewa au sipewi. Nimemletea koti. Ni lile la ndoa, halijambana bado. Sijui nimpe nani."

Akautoa ule mfuko kwa mikono yote, amekunja magoti. Bila kufikiri Ludia alimgeukia askari wa getini, akaangalia mkono wake uko wapi. Ulikuwa mfukoni, bastola imelala kiunoni na jicho lake limefungwa. Hata hivyo Ludia alijikuta amesimama kati ya mwanamke na askari.

"Kaa nalo kwanza, mwanangu," akasema. "Na kaa upande huu, penye jua."

"Wanasema alinyoosha silaha," Imelda akasema. "Yule alikuwa na wiki mbili tu hapo kazini. Sisi nyumbani hata panga hatuna, tunaazima kwa jirani. Alinyoosha nini?"

Ludia akasema hajui. Alisema hivyo akiwa anaangalia ndoo, na ndoo ilikuwa imejaa na inamwagika.

*

Alipourudia mlango wa ghala alimkuta Gadi Sanga ameketi kwenye benchi ndani. Aliketi kabisa, na kofia ameivua. Alikuwa kijana mrefu wa Makete, mwenye meno mazuri na mzaha wa haraka, lakini leo uso wake ulikuwa umekauka. Hakupiga saluti.

"Shikamoo, Padri."

Utani haukuwemo katika jina hilo. Ludia akaitua ndoo chini. "Marahaba. Kunywa chai."

"Imekwambia nini?"

"Imeniambia ulichelewa."

"Kiasi gani?"

"Sekunde moja na robo."

Gadi akainamisha kichwa, akasugua viganja vyake magotini. "Nilidhani ni dakika nzima," akasema. "Niliona ufunguo, afande. Niliuona kabisa, una kamba nyekundu. Na niliona alivyoshika mkono. Baba yangu anatoa vile vile. Nikasema moyoni, basi, huyu mtu wa watu. Nikaanza kushusha. Halafu ikanitekenya."

"Na ukavuta."

"Nikajiambia imeona nisichokiona. Miaka mitatu imekuwa ikiona nisichokiona! Alipoingiza mkono mfukoni mimi nilitaka kumpiga, yenyewe ikakataa, ikawa sahihi. Sasa sekunde nne baadaye mimi nani wa kubishana nayo?" Akamtazama. "Na nani alitufundisha? 'Mwenza akikubali usisubiri, anayesubiri anazikwa.' Maneno yako hayo, afande. Tuliyaimba tukikimbia."

"Ni maneno yangu."

"Nataka uniambie kitu kimoja. Ni mimi, au ni hii?"

Ludia alikuwa amewasikiliza askari hawa miaka mitatu kupitia mipini ya bastola. Alijua Gadi anaogopa mbwa, na alijua siku aliyolia garini peke yake. Kuulizwa swali na mdomo wa mtu, ana kwa ana, kulimtia kigugumizi. Akaketi upande wa pili wa benchi, akamwambia yote: orodha, kicheko cha ukumbi, picha alizofuta, na bastola ishirini na nne za asubuhi ile.

"Namkumbuka Mgaya," Gadi akasema polepole. "Ulimzungusha uwanja mara tano kwa kukunja magoti."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Na ni wewe pia, Gadi. Ile sekunde na robo siwezi kuificha, iko humo ndani. Nikiandika ukweli watauliza ulikuwa unangoja nini."

"Watanifunga."

"Watakufunga. Na mimi sidhani kama nitabaki."

"Usipoandika?"

"Utapandishwa cheo."

Gadi akacheka, kicheko kibaya kilichomtoka puani. Kisha akasema, akiangalia sakafu, "Mke wangu ana mimba ya miezi saba." Alipolisikia neno lake mwenyewe akaruka kutoka kwenye benchi kana kwamba limemuunguza. "Hapana. Sahau. Sikusema hilo, afande. Tafadhali sahau nilichosema."

Akachukua kofia akatoka. Chai yake ilikuwa haijaguswa, na Ludia akainywa yeye, kwa sababu alikuwa na baridi na kwa sababu hakutaka kuona kikombe cha mtu aliyeondoka.

*

Mrakibu Haonga, mkuu wa Kipanga, alikuja saa sita na nusu. Hakutuma mtu, alikuja mwenyewe kwa miguu, na akafunga mlango nyuma yake taratibu.

"Gadi ameniambia," alisema. "Zifundishe leo, Ludia. Nikupe makuruta kumi, ishirini, unaowataka. Kesho asubuhi hakuna bastola nchi hii itakayokosea adabu ya mtu."

"Na Yustino Mlowe?"

"Ghala lilikuwa na bunduki kumi na moja. Tumezikuta, chini ya mabanzi."

"Yeye alikuwa na ufunguo, afande. Wenye bunduki hawakuajiri mlinzi wamwonyeshe kilichomo."

Haonga akavuta kiti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Angekuwa mbaya Ludia angeshaandika tangu asubuhi.

"Amekufa," akasema. "Uandike hivi au vile, hafufuki. Lakini nikuulize, unakumbuka siku ya darajani?"

Ludia aliikumbuka. Mapigo mia na thelathini na mbili, jasho jingi, triga imevutwa mara tatu mfululizo kwa nguvu zote, na mara tatu imegoma. Mbele ya jicho alikuwapo msichana wa miaka tisa akiruka kutoka kichakani na kipande cha bomba alichokuwa akichezea. Mkono ulikuwa wa Haonga.

"Nilivuta mara tatu," Haonga akasema. "Si mara moja. Ningekuwa nimemuua mara tatu. Yule mtoto yuko darasa la sita sasa, namwona akipita na madaftari, na kila nikimwona nalishukuru lile dude. Kila nikikuona wewe nageuza njia, kwa sababu unajua. Ukiandika unavyotaka kuandika, saa tisa zote zitazimwa. Watoto wengine watatoka vichakani na mabomba. Utakuwa umeokoa nini? Jina la maiti?"

"Kuna mke getini, afande. Ameleta koti."

"Nimemwona. Nitamtafutia pesa ya rambirambi, nitamtafutia kazi. Nitafanya kila niwezalo."

"Ila kumpa mumewe."

Haonga aliinuka, akasimama nyuma ya Ludia na kutazama ile picha kwenye kioo: mtu wa sweta la buluu ameinama na ufunguo wa kamba nyekundu, amesimamishwa hapo tangu asubuhi. Akaitazama kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sikuamrishi. Siruhusiwi," akatoka.

Ludia akabaki na saa moja na ushei, nayo ilikuwa ndefu kuliko miaka yake mitatu ya kula peke yake. Aliwapanga wale sitini na tatu mbele yake, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na haki. Akamweka Yustino upande wa pili, peke yake, naye alikuwa na haki. Alijaribu kupima, lakini kila alipokaribia jibu, aliona kwamba anafanya kazi ile ile aliyomfundisha Mwenza: kutazama mkao wa mtu na kuamua kama anafaa kuishi. Hakuweza tena. Kitu pekee alichokuwa na hakika nacho ni kile alichokiona, kwamba mtu alitoa ufunguo kwa adabu akapigwa risasi, na kwamba aliyefuta adabu ile ni yeye.

Saa nane kasoro dakika sita akaandika. Aliandika kifupi, kwa maneno ya kiofisi.

Marehemu hakuwa na silaha. Alikuwa anatoa ufunguo kwa kushika mkono, kama ilivyo desturi. Silaha ilikubali kwa sababu mimi, mtunza silaha, nilifuta desturi hiyo katika mafunzo yake. Askari alisita sekunde moja na robo kabla ya kufyatua. Risasi si halali.

*

Saa nane na nusu gari la kikosi lilitoka getini na jeneza, Imelda ameketi mbele kando ya dereva, koti halipo tena magotini. Saa tisa kamili bastola zote za ghalani zilizima kwa mpigo, taa moja moja ndogo ya kijani ikifa kwenye kila rafu. Saa tisa na robo walikuja wawili kumchukua Gadi. Alipita mbele ya dirisha la ghala bila mkanda, akageuza uso kumtazama Ludia, na Ludia alijilazimisha asiangalie pembeni hadi alipopita. Yeye mwenyewe aliambiwa angekuja kuchukuliwa kesho. Leo alihitajika bado, kwani ndani ya kambi nzima hakuna mwingine aliyejua kufungua bastola za zamani.

Na zilihitajika mapema kuliko walivyodhani. Saa kumi king'ora kikalia. Majambazi watatu walikuwa wameingia kituo cha kuchaji malori, mjini, hapo chini bondeni, na ndani kulikuwa na madereva na mama lishe wawili. Ludia akavunja makreti, akafuta grisi kwa vitambaa, akavuta slaidi moja baada ya nyingine, akajaza magazini. Zilikuwa chuma tupu, nzito, hazina jicho wala ngozi. Askari kumi na wawili wakapanga foleni dirishani, na hakuna aliyemwita Padri.

Wa kumi na moja alikuwa Konstebo Oliva Mbilinyi, mwenye mwaka mmoja kazini. Aliipokea bastola, akaikumbatisha kiganjani, akangoja. Akaibana tena.

"Afande, hii inakubali wakati gani?"

"Haikubali. Wala haikatai."

"Sasa nitajuaje?"

"Utatazama mwenyewe."

"Na nikiwa sijaona vizuri?"

Midomo ya binti ilikuwa imepauka. Ludia alitafuta neno la kumpa, neno la kufundishia, la kukimbia nalo uwanjani, akalikosa. Yote aliyokuwa nayo alikuwa ameshayasema miaka mitatu iliyopita.

"Basi usivute," akasema.

Wa mwisho alikuwa Haonga. Alitia sahihi daftarini, akaichukua bastola, akaigeuza geuza. Mkono wake ulitetemeka, na safari hii Ludia aliuona kwa macho yake, hakuambiwa na mpini.

"Ikitokea tena kama ile ya darajani," Haonga akasema kwa sauti ya chini, "itakuwa umeandika wewe."

"Ndiyo, afande."

Alingoja kidogo, labda alitaka aongezewe neno, kisha akakimbilia garini.

Magari yakashuka mteremko, mlio wake ukamezwa na ukungu. Ludia akafunga dirisha, akafagia sakafu ambayo haikuwa chafu, akapanga vitambaa vya grisi. Akaketi mbele ya kitako cha kusomea kwa mazoea, akakumbuka hakina kazi, akasogeza kiti pembeni. Kambi ilikuwa kimya hivi kwamba alisikia maji yakidondoka bombani kule getini.

Saa kumi na moja kasoro kidogo risasi ililia bondeni. Moja tu.

Alisimama, mkono kifuani, akasikiliza kama kutakuwa na ya pili. Haikuja. Katika miaka mitatu kila risasi ya Kipanga ilikuwa imemjia yeye kwanza, ikamwambia nani amevuta, alikuwa anaona nini, moyo wake ulipiga mara ngapi. Hii haikumwambia kitu. Huenda ni jambazi aliyeanguka kule chini, huenda ni mama lishe aliyekuwa anatoka na sufuria mkononi, na aliyevuta huenda ni Oliva, au Haonga, au yeyote kati ya wale kumi.

Ludia akaufungua mlango wa ghala wazi kabisa, akakaa kizingitini kwenye baridi, akawangoja warudi wamwambie wenyewe.